Kazi ya usiku na masomo ya chuo

Mdogo wangu, umeuliza iwapo uache kuuza chipsi usiku pale Ngamiani, Barabara ya 12, kwa kuwa unasinzia darasani na mama analalamika kwamba huonekani nyumbani. Usiache, punguza. Krediti 1 katika vyuo vyetu huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza, hivyo krediti 60 za muhula ni saa 600, yaani takriban saa 40 kila wiki kwa wiki 15, na huwezi kuzifidia kwa kukesha. Mwombe mwenye kibanda akupangie Ijumaa na Jumamosi tu. Daftari usilipeleke huko; langu lilirukiwa na mafuta, kurasa zikashikana wiki ya mtihani. Jumapili mchana kaa na mama, hata kama ni kumkunia nazi.