Kufungua mazip kibao kwa CMD: kwa nyie wapya kazi za data

Wadogo zangu mnaoanza kazi za data huku Mbeya, iwe steshenari ya Mwanjelwa au ofisi ya mradi kule Tukuyu, kuna siku bosi atakuachia flashi imejaa zip za maafisa ugani, kila mmoja kapiga picha za mashamba ya parachichi Rungwe kazifunga kivyake, na anazitaka kabla ya saa kumi. Ukianza kubofya moja moja utakesha.

Mi nashauri programu ya 7-Zip, ni ya bure na inafungua hadi rar (aina nyingine ya faili lililofungwa kama zip). Windows 10 za karibuni na 11 zina amri ya tar ndani yake inayofungua zip pia, ila 7-Zip ina machaguo mengi na inakwambia vizuri pakiharibika. Ukiiinstoo haijiweki kwenye PATH (orodha ya mahali Windows inapotafuta programu), kwa hiyo ukiandika 7z tu kwenye CMD, kile kidirisha cha kuandikia amri, utaambiwa haitambuliki, we andika njia yake nzima. Fungua Notepad uandike hivi:

@echo off
cd /d "%~dp0"
for %%f in (*.zip) do "C:\Program Files\7-Zip\7z.exe" x "%%f" -o"%%~nf" -y
pause

Seivu kwenye folda lenye zip, jina fungua.bat, na kwenye aina ya faili chagua All Files, la sivyo Notepad itakupa fungua.bat.txt na utabaki unabofya inafunguka maandishi tu. Ile pause usiitoe, bila hiyo kidirisha kinafumba hujasoma kitu.

Sasa hapa tulieni kidogo maana ndo penyewe. Kuna x na kuna e, ndo amri inayofuata baada ya 7z.exe. X inatoa vitu na mafolda yake kama yalivyo, e inamwaga kila kitu sehemu moja. Kamera nyingi zinaanza na IMG_0001, kwa hiyo zip ya Kiwira inayo IMG_0001 na ya Busokelo inayo, ukitumia e ukazimwagia folda moja halafu umeweka -y, ambayo maana yake "ndio kwa kila swali", picha ya Busokelo inaifuta ya Kiwira kimyakimya, hamna erori, hamna kelele, na ripoti inaenda na shamba la mtu mwingine. Ndo maana nimeweka -o"%%~nf", kila zip inapata folda lenye jina lake. Na hiyo -o haitaki nafasi kati yake na jina la folda aisee, ukiacha nafasi inagoma. Kama lazima vikae pamoja, toa -y uweke -aou, yenyewe itabadili jina la linalogongana.

Alama za nukuu nazo msizionee uvivu. Watu wetu wanaita faili "picha za Tukuyu.zip", bila nukuu 7-Zip inaona maneno matatu inaanza kutafuta faili linaloitwa picha. Halafu asilimia mbili (%%f) ni za ndani ya faili la bat, ukijaribu moja kwa moja kwenye CMD weka moja tu.

Kufuta zip baada ya kufungua, watu wana haraka sana hapo. Umeme wetu mnaujua, ukikatika katikati na del ishapita umeliwa. Andika && del "%%f" mwisho wa ule mstari wa for, hapo inafuta pale tu 7-Zip imerudisha 0, yani safi. Ikirudisha 1 ni onyo, 2 ni erori kubwa, zip inabaki palepale. Mi binafsi hata hivyo huwa naacha flashi ya mteja kama ilivyo, nafanyia kazi kopi.

Zip yenye pasiwedi itasimamisha skripti ikusubiri uandike, kama zote zina moja weka -p ikifuatiwa na pasiwedi yenyewe, bila nafasi tena, na kama ina alama ya % iandike mara mbili.

Rar zilizokatwa vipande ndo zinachanganya wengi: weka vipande vyote folda moja, halafu kwenye for andika *.part1.rar badala ya *.zip, vingine 7-Zip inavifuata yenyewe. Vikiwa zaidi ya tisa angalia kwanza, mara nyingi cha kwanza kinaitwa part01.