Nifunge tairi gani: lami ya Ngaramtoni, vumbi la Olmotonyi na miba ya Monduli

SWALI: Habari za kazi fundi. Mi ni mwalimu, naishi Ngaramtoni, Arusha, na nafundisha huku Sakina, kila siku naenda na kurudi kwa baiskeli. Wikiendi napanda kule mashamba ya miti Olmotonyi, na mara moja moja tunaenda na wenzangu pande za Monduli. Baiskeli ni ya mtumba, saizi 26, breki za V (zile zinazobana rimu), uzito wangu kama kilo 68. Tairi zilizokuja nayo zimeisha, ya nyuma ni kipara kabisa, na pancha zimenichosha. Dukani nimeambiwa nichukue pana, inchi 2.4, zenye kashata (yale meno ya tairi) kubwa za matope, nizifunge mbele na nyuma zitanifaa kote. Ni kweli? Na upepo niweke kiasi gani, maana kila fundi ananipa namba yake.

JIBU: Salama kabisa Mwalimu. Hizo 2.4 za matope usinunue. Sio kwamba ni tairi mbaya, hapana, ila wewe matope unakutana nayo masika tu, Machi mpaka Mei, na vuli kidogo, miezi mingine yote unakanyaga lami, vumbi na miba, sasa ukinunua tairi kwa ajili ya ile miezi mitatu utaitumikia mwaka mzima. Kashata ndefu zilizoachana ukizikimbiza kwenye lami zinajikunja, zinanguruma, zinakula nguvu zako zote za asubuhi kabla hujashika chaki, na za katikati zinaisha haraka sana. Halafu watu wengi hawajui hili: hata kwenye udongo mkavu mgumu hazikamati vizuri, maana hazina pa kuzama, zinasimama juu juu na kulala pembeni ukiingia kona.

Tuongelee huo udongo wenu, maana ndo unaoamua. Mlima Meru ni volkano na udongo wa miteremko yake umetokana na majivu na mawe ya volkano, ndo maana kiangazi unapata lile vumbi laini kama unga linalolala juu ya ardhi iliyoshindiliwa ikawa ngumu kama sakafu. Hapo ndipo watu wanapoanguka. Tairi ya mbele inapita juu ya vumbi bila kufika chini kwenye ugumu, ukikata kona inakukimbia. Tairi inayofaa hapo ina kashata za katikati fupi kiasi, zimekaribiana, ili iende vizuri kwenye lami na kwenye njia ngumu, ila zile za pembeni ziwe ndefu zaidi, nene, zimesimama imara, na kati ya katikati na pembeni kuwe na nafasi ya kutosha ili ukilaza baiskeli zile za pembeni zichimbe. Ukiwa dukani zishike za pembeni kwa kidole gumba uzisukume, zikilegea kama sikio hiyo tairi irudishe.

Sasa kuhusu kufunga mbele na nyuma zinazofanana. Kwa njia zenu mi siungi mkono kabisa, na hapa nasema kwa msisitizo, maana naona watu wanaumia kwa hili. Mbele na nyuma kazi ni tofauti. Ya mbele ndo inaongoza na ndo inabeba breki nyingi ukiwa kwenye mteremko, ikiteleza ujue uko chini, hakuna muda wa kujiokoa. Ya nyuma ikiteleza kidogo unaisikia tu, unaweka mwili sawa unaendelea. Kwa hiyo mbele funga yenye kukamata zaidi na pana kidogo, nyuma funga nyepesi kutembea lakini ngumu, yenye kuvumilia, maana ndo inabeba uzito wako mwingi, ndo inayosukuma na ndo inayolika haraka. Hata watengenezaji wenyewe wanafanya hivo, Schwalbe kwa mfano wana Racing Ray ambayo imetengenezwa kwa ajili ya mbele na Racing Ralph kwa ajili ya nyuma. Kwa upande wa Maxxis, Ardent mbele na Ikon nyuma ni mpangilio mzuri sana kwa vumbi la huku. Sisemi lazima upate hizo hizo, tairi nzuri za 26 siku hizi ni za kutafuta maana makampuni makubwa yamehamia saizi 27.5 na 29, ila zikumbuke umbo lake ili ukiona tairi ya jina lolote ujue unatafuta nini. Mpira wenyewe pia, wa mbele ukiwa laini ni vizuri, unakamata mawe, lakini nyuma laini kwa mtu wa lami kila siku kama wewe ni kuchoma hela.

Upana: kwa baiskeli yako chukua 2.2 au 2.25 mbele, 2.1 nyuma. Fremu nyingi za 26 zenye breki za V hazina nafasi ya 2.4, na hata ikiingia, rimu zake huwa nyembamba, kwa ndani milimita 17 mpaka 19 hivi, ukiweka tairi pana hivo juu ya rimu nyembamba inakuwa puto, ukikata kona inayumba. Kabla ya kununua pima nafasi kati ya tairi na fremu, pale nyuma karibu na pedeli na pale juu kwenye breki, angalau milimita sita kila upande zibaki wazi.

Na tafadhali sana Mwalimu, usiseme tu dukani "nipe 26". Kuna 26 zaidi ya moja. Ile ya kwako imeandikwa kwa nukta, 26 x 2.1 au 26 x 1.95, na pembeni ina namba 559 kwa milimita. Kuna nyingine imeandikwa kwa sehemu, 26 x 1 3/8, hiyo ni 590, ni kubwa kuliko rimu yako, haitakaa. Ukitafuta 559 hukosei, hata muuzaji akikwambia zote sawa.

Haya, miba. Hapa ndo nataka usome taratibu, maana unasema pancha zimekuchosha na naamini nusu ya hasira yako iko hapa.

Kuna miba ya aina mbili inayokusumbua. Kwanza ni mbigili, vile vidude vinavyotambaa chini pembeni ya barabara na kwenye viwanja, vina ncha kila upande, ukivikanyaga vinaganda kwenye tairi vinazunguka nayo. Hivi vinatoboa tundu dogo na tairi yenye mpira mnene katikati au yenye tabaka la kuzuia miba inavipunguza sana. Ya pili ni miba ya migunga, ile mirefu myeupe ya Monduli, na hii nikwambie ukweli, hakuna tairi ya kawaida ya baiskeli ya mlimani inayoizuia ukiikanyaga imesimama vizuri. Kwa hiyo swali sio "tairi gani haitobolewi", swali ni "ikitobolewa nini kinatokea".

Kwa baiskeli mpya watu wanaenda tyubulesi, yani hakuna mpira wa ndani, ndani ya tairi kuna maji ya mpira, silanti, mwiba ukitoka yanakimbilia kwenye tundu yanaganda. Kwa Monduli na nchi yote ile ya migunga hii ndo dawa, sina ubishi. Lakini rimu yako ya zamani haikutengenezwa kwa tyubulesi, na wapo mafundi watakaokwambia watalazimisha kwa selotepu, mi sikushauri, kwenye kona kali ukingo wa tairi unaweza kuchomoka kwenye rimu upepo ukatoka wote mara moja. Kwa hela yako, fanya hivi: nunua tyubu zenye valvu nene kama ya pikipiki, zile ambazo ulimi wa ndani unafunguka, fungua ulimi, mimina silanti kama mililita 60 mpaka 90, rudisha ulimi, jaza upepo, zungusha gurudumu. Mbigili nyingi utazisahau. Ila silanti inakauka, na kwa jua la huku inakauka mapema, kila miezi miwili mitatu fungua uangalie, ukitikisa gurudumu usiposikia maji ongeza.

Kuna njia nyingine ya mafundi wetu wa mtaani ambayo naiheshimu, kukata tairi kuukuu, wanaondoa kingo zenye waya wanailaza ndani kati ya tairi na tyubu. Inaongeza uzito, utauhisi kwenye mlima, lakini inazuia. Ukiifanya hakikisha ncha mbili zinapokutana zimechongwa zikawa nyembamba, la sivyo ule ukingo wenyewe ndo utakaokula tyubu na utakuwa unalaumu miba bure.

Na ukipata pancha usikimbilie kubadilisha tyubu tu. Pitisha vidole ndani ya tairi taratibu mzunguko mzima, ncha ya mgunga ikivunjikia ndani ya mpira huioni kwa nje, tyubu mpya inatobolewa palepale dakika kumi baadae na mtu anaanza kusema tyubu za siku hizi hazifai.

Ukisoma pembeni ya tairi utakuta pia namba ya nyuzi za kitambaa kilichomo ndani ya mpira wake, 30, 60 au 120 kwa inchi. Nyuzi nyingi maana yake ni nyembamba, tairi inakuwa nyepesi na inalala vizuri juu ya mawe, ila kuta zake zinachanika kirahisi. Kwa wewe 60 nyuma. Yenye ukingo wa waya ni nafuu kuliko inayokunjika na kazi ni ileile, nzito kidogo tu.

Matope nayapitia haraka. Udongo mwekundu wa milimani ukilowa unateleza lakini unapitika, punguza upepo kidogo, breki za mbele kwa adabu. Udongo mweusi wa mbugani, ule mfinyanzi wa tambarare, ukilowa hauna tairi. Unaganda, unajaza fremu, breki za V zinakamata matope gurudumu linagoma kuzunguka na utaibeba baiskeli begani. Na hapo tairi pana ndo mbaya zaidi maana nafasi ya kutolea tope inakuwa ndogo. Siku hiyo bakini Olmotonyi, Monduli mtaenda ikikauka.

Sasa upepo. Kila fundi anakupa namba yake kwa sababu wengi wanasoma ile iliyoandikwa pembeni ya tairi, mara nyingi psi (kipimo cha upepo) 60 au 65, na hiyo ndo mwisho wa tairi, sio kiasi cha kutumia. Tairi iliyojazwa mpaka imekuwa jiwe inaruka juu ya kila kokoto, haikamati, na inakuchosha mikono. Kwa kilo 68, tairi za 2.1 na 2.25, ukiwa na tyubu, anza na psi 28 mbele na 32 nyuma kwa siku ya Olmotonyi. Wiki ya kazini, lami, panda mpaka 40 au 45. Kwanini usishuke chini ya hizo 28 na 32? Kwa sababu ya tyubu, ukigonga jiwe tairi ikiwa laini sana tyubu inabanwa kati ya jiwe na rimu inatoboka matundu mawili yanayofuatana kama meno ya nyoka, ukiona pancha ya hivo jua sio mwiba, ni upepo mdogo. Wenzako wa tyubulesi wao wanaweza kushuka 22 mbele na 25 nyuma kwa sababu hawana tyubu ya kubanwa, usiige namba zao.

Ukitoka kwenye namba hizo za kuanzia, badilisha psi mbili mbili tu. Ukiona mbele inakukimbia kwenye vumbi, toa mbili. Ukisikia rimu imegonga jiwe, ongeza mbili. Nunua pampu yenye geji, kidole gumba hakijui tofauti ya 28 na 38, hata changu. Petroli stesheni unaweza kujaza kwa ile valvu nene lakini mashine yao ni ya magari, tyubu ya baiskeli ni ndogo inajaa kwa sekunde chache, bonyeza kidogo kidogo huku unapima.

Ukienda kununua, iwe mpya au mtumba, ikunje tairi uangalie kuta. Zile zinazoning'inia nje ya duka juani mwaka mzima zinakuwa na mipasuko midogo midogo hata kama kashata bado mpya, hiyo imekufa, iache. Angalia pia mshale wa mwelekeo pembeni kabla fundi hajafunga.

Kama hela haitoshi tairi mbili kwa mara moja, nunua ya mbele kwanza, ile ya 2.25 yenye kashata nzuri za pembeni, na hiyo iliyoko mbele sasa hivi ihamishie nyuma badala ya kipara, kama kuta zake bado nzima. Mwisho wa mwezi ndo utafute ya nyuma. Ila pima kwanza ile nafasi ya fremu kabla hujatoa hela, na ukiikuta ni ndogo kuliko milimita sita shuka mpaka 2.1 mbele na 1.95 nyuma, kwa Olmotonyi bado utakuwa vizuri kabisa.