Buabua mweusi tititi angani, mweupe pepepe majini

Swali: Kaka, salamu. Mimi niko Malindi na asubuhi huwa naenda pale Mto Sabaki unapoingia baharini kupiga picha za ndege wa baharini, buabua na shakwe, wakiruka. Kamera yangu ni ya kihisi kidogo, lenzi ni ya 70–300. Naiweka kwenye A, tundu la lenzi f/5.6, ISO (usikivu wa kihisi kwa mwanga) 200, spidi ya shata kamera inachagua yenyewe. Ndege akiwa juu angani anatoka mweusi tititi. Akishuka usawa wa maji anatoka mweupe pepepe, manyoya hayaonekani. Nikirekebisha kwenye kompyuta, yule mweusi anajaa chengachenga na yule mweupe anageuka kijivu. Nimekutumia picha mbili, RAW (faili ghafi ya kihisi) na JPEG (picha iliyokamilishwa na kamera) zake. Je, nibadilishe lenzi, au tatizo ni kwamba sijui kuhariri?

Jibu: Dada yangu, salamu zimefika na faili zote zimefunguka. Lenzi iache kwanza, tutaifikia. Nilichoanza kutazama ni taarifa ambazo kamera huandika ndani ya faili, na hapo ndipo jibu lilipo. Katika picha ya kwanza, buabua akiwa angani, kamera ilichagua 1/4000. Katika ya pili, sekunde chache baadaye, ndege yuleyule ameteremka karibu na maji ya kahawia ya Sabaki, na kamera ikachagua 1/800. Tundu lilelile, ISO ileile. Maana yake picha ya pili imepata mwanga mara tano ya ile ya kwanza, zaidi ya stopu mbili (kila stopu ni mwanga maradufu).

Sasa jiulize: katika sekunde hizo jua lilibadilika? Halikubadilika. Mwanga uliomwangukia ndege juu ya mto ni uleule uliomwangukia angani. Kilichobadilika ni kilicho nyuma yake. Kipima mwanga cha kamera hakijui kwamba wewe unataka ndege. Kinatazama fremu nzima na kujaribu kuifanya iwe ya ukijivu wa wastani. Mbingu inang'aa, basi kinakata mwanga, na ndege anazama gizani. Maji ya Sabaki yamejaa udongo na rangi yake ni nzito, basi kinaongeza mwanga, na kifua cheupe cha buabua kinaungua. Ndege mwenyewe ni mdogo mno katika fremu, kwa hiyo katika hesabu hiyo hana kura.

Dawa ni kuinyang'anya kamera uamuzi huo. Weka M, yaani tundu na spidi unapanga wewe, na ISO pia uipange mwenyewe. Ukiacha ISO ya otomatiki ndani ya M, tatizo ulilolitoa mlangoni litarudi kupitia dirishani, kwa sababu kamera itapandisha na kushusha ISO kwa kufuata mandhari ileile. Wapiga picha wa zama za filamu walikuwa na kanuni ambayo mpaka leo haijachuja: jua likiwa wazi, weka f/16 na spidi iwe sawa na namba ya ISO. Kwa ISO 400 ni 1/400 kwenye f/16. Ukifungua tundu hadi f/8 (namba ikipungua, tundu linapanuka) umeongeza stopu mbili, basi spidi inapanda hadi 1/1600. Buabua ni mweupe, kwa hiyo mpunguzie kidogo: 1/2000 au 1/2500. Ona kwamba namba hizi zinaangukia katikati ya zile mbili ambazo kamera yako ilikuwa ikirukiaruka. Na hata bila suala la mwanga, 1/800 ilikuwa ndogo: tazama ncha za mabawa katika picha yako ya pili, zimefutika. Buabua anapojitupa majini mimi hupanda hadi 1/3200 na kulipia kwa ISO bila majuto.

Hiyo kanuni ni ya jua lililokwisha kupanda. Mapema asubuhi mwanga ni mdogo, kwa hiyo pima papo hapo. Tafuta buabua aliyesimama kwenye fungu la mchanga akiwa amepigwa na jua, mpige picha kwa mbali bila kumsogelea (kundi likishtuka na kuruka lote umeharibu asubuhi yako na yao), kisha tazama skrini ukiwa umewasha lile onyo linalometameta sehemu zilizoungua. Ongeza mwanga kidogo kidogo mpaka kifua kianze kumetameta, halafu rudi nyuma theluthi moja ya stopu. Hapo umefika. Kuanzia hapo aruke juu, aruke chini, apite mbele ya mikoko au ya mawimbi, usiguse kitu. Hata akipita yule shakwe mwenye kichwa cha kahawia nzito, acha hivyohivyo, kwa sababu utamfungua kidogo nyumbani na atakubali. Jua likiingia mawinguni ndipo upime upya. Siku ambayo mawingu yanaingia na kutoka kila dakika, M itakuchosha. Rudi kwenye A na utumie kitufe cha fidia: ongeza stopu moja au moja na nusu kwa ndege wa angani, punguza kama theluthi mbili kwa ndege mweupe mbele ya maji ya rangi nzito.

Kuna jambo jingine ambalo picha yako ya kwanza inalisema wazi. Pwani yetu inatazama mashariki. Asubuhi ukisimama ufukweni ukielekeza lenzi baharini, jua liko mbele yako, na ndege anakuonyesha upande wake wa kivuli. Hapo hakuna mpangilio wa kamera utakaokuokoa. Buabua hupenda kuruka na kutua wakiukabili upepo, na kaskazi na kusi zote mbili zinavuma kutoka upande wa bahari, basi asubuhi wanalikabili jua na wewe uko mgongoni mwao. Pale Sabaki una bahati ya mafungu ya mchanga: maji yakiwa yamekupwa, tembea kando ya bahari uwaweke ndege upande wa bara, jua likupige mgongoni. Watakuwa wanakuja usoni kwako. Zaidi ya hapo, mchanga mkavu unarudisha mwanga juu na kulijaza tumbo la ndege, sehemu ambayo maji ya mto huiacha na giza.

Tuje kwenye kuhariri, na tuanze na yule mweusi. Nimetumia faili ya RAW, si JPEG. JPEG ina ngazi 256 tu za mwanga kwa kila rangi, wakati RAW ya biti 14 ina 16,384, na kwenye vivuli ndiko tofauti inakouma. Nilipandisha mwanga wa picha nzima stopu moja: ndege akapendeza, mbingu ikaungua. Nikarudisha, nikatengeneza maski ya ndege peke yake (eneo ambalo marekebisho hayatoki nje yake), nikaulainisha ukingo wake, ndipo nikapandisha ndani ya maski hiyo stopu moja na kidogo. Kuza hadi asilimia 100 uangalie mstari wa mbele wa bawa: ukiona utepe mweupe unaolizunguka, maski imemwagikia mbinguni, ibane. Chengachenga zikaonekana chini ya bawa, nikazipunguza humo tu, kwa sababu ukizifuta kwenye fremu nzima unafuta na unyoya. Chenga hizo programu haizizalishi, inazifunua tu. Mwanga ulioingia ulikuwa mchache, na ukikuza kichache unakuza na kasoro zake. Sikulifanya bawa la chini liwe jeupe. Ni kivuli, na kikiwa na wekundu kidogo wa maji ya Sabaki ndivyo lilivyokuwa kweli.

Yule mweupe ni habari nyingine. Kwenye JPEG kifua kizima kimegonga ukuta, kila pikseli ni 255, ngazi ya mwisho ya weupe. Kuburuta kitelezi cha sehemu angavu hapo ni kukuna nazi iliyokwisha: kinachotoka ni kifuu, ndicho hicho kijivu chako. Kwenye RAW nilishusha mwanga stopu moja, na shingo na bega vikarudi na mistari ya manyoya, lakini katikati ya kifua hapakuwa na kitu cha kurudisha. Ndiyo maana nasema ukikosea, kosea upande wa giza kidogo. Ukimaliza, weupe wa ndege aliyepigwa na jua uusimamishe kwenye 240 hivi, usiusukume mpaka 255, na kwenye histogramu (grafu ya mwanga wa picha) uache nafasi ndogo upande wa kulia. Si lazima ulipie programu: darktable na RawTherapee ni za bure na zina kila nilichokitumia hapa isipokuwa uvumilivu.

Na lenzi? Ile 70–300 inatosha kwa Sabaki, ifunge tu hadi f/8 ukiwa kwenye 300, kwani lenzi nyingi za aina hiyo zikiwa wazi kabisa huwa laini kidogo. Hela ya lenzi mpya iweke. Ukitaka kutumia kidogo, nunua kadi yenye kasi, kwa sababu kwenye mfululizo wako kuna mapengo ambapo kamera ilisimama kuandika, na ukitazama fremu inayofuata utaona buabua ameshaondoka na samaki wake.