Usiiache injini ikiunguruma siku nzima

Mkuu, umeuliza kama Land Rover Series III yako, petroli lita 2.25, iliyotoka ovahoo (injini kufunguliwa na kufanywa upya) iachwe ikiunguruma gereji siku nzima kabla ya kutembea. Hapana, tafadhali usikubali. Ringi mpya za pistoni husukumwa kwenye ukuta wa silinda na nguvu ya mwako, na nguvu hiyo huja injini ikibeba mzigo. Ikiunguruma bure, ukuta unang'aa kama kioo, ringi hazikai, na gari litakula oili mpaka ufungue injini tena.

Kabla ya kuwasha, toa plagi upige stata kwa vipindi vifupi hadi taa ya oili izime. Kisha toka nayo asubuhi barabara ya kutoka Mwanza kwenda Magu: gia ya tatu, kanyaga kiasi kutoka kilomita 30 hadi 50 kwa saa, achia irudi yenyewe. Rudia mara kumi hivi. Mlima wa Bugando hapo mjini usiupande kwa gia kubwa ikilemewa.

Rejeta ijazwe kulanti (maji maalumu ya kupoza injini), si maji ya ziwani.

Ukifikisha kilomita 500, mwaga oili, badili filta, weka 20W-50 ya kawaida, si sintetiki. Injini ikiwa baridi, kaza upya bolti za silinda hedi, futi-pauni 65, ndipo useti tapeti (nafasi ya vali), zote 0.25 mm.