Siku 21 hazikunisaidia, mswaki ndo umenisaidia

Mhariri, wiki hii mmeuliza: umewezaje kuanza tabia mpya ikadumu? Mi ntajibu kwa kitu kimoja nachokijua, kunyoosha mgongo kila asubuhi, dakika tano tu, huu ni mwaka wa tatu.

Mwanzo niliambiwa siku 21 zinatosha, nikawa naweka alama kwenye kalenda, nikafika ya 21 nimefurahi kweli, ya 24 nikaacha. Iliniuma sana manake niliamini mi ndo sina nidhamu. Kumbe hiyo 21 chanzo chake ni Maxwell Maltz, daktari wa Marekani wa upasuaji wa kurekebisha sura, aliandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau kama siku 21 kuzoea sura zao mpya. Angalau! Na kuzoea sura yako kwenye kioo sio sawa na kuinuka kitandani kila siku ukafanye mazoezi.

Watafiti wa University College London walifatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mtu na tabia aliyojichagulia, matokeo yakatoka 2009. Wastani wa tabia kuwa ya kujiendea yenyewe ulikuwa siku 66, wa haraka 18, wa mwisho kabisa walimkadiria 254. Lakini kilichonigusa mimi ni kwamba kukosa siku moja hakukuwarudisha nyuma kwa kiasi cha maana. Mi nilikuwa nikikosa moja tu najiambia nishaharibu, ntaanza upya Jumatatu, Jumatatu inapita, mwezi unapita. Kwahiyo jamani wale mnaoacha kila kitu kwa sababu ya siku moja, nawaomba sana msiache, kesho yake fanya hata nusu.

Kitu kingine ni alamu. Alamu inalia ukiwa umeshika jambo lingine, unaizima, unasema bado kidogo, baada ya wiki huisikii hata ikilia. Nikaacha alamu nikasema nikimaliza tu kupiga mswaki nanyoosha mgongo, basi, sio saa fulani, ni baada ya mswaki. Mswaki sijawahi kuusahau tangu utotoni, sasa mazoezi yakawa yanaenda nao. Na mkeka nautandika mlangoni pa bafu tangu usiku, asubuhi nikitoka nauona, sina cha kufikiria. Wengi wanasema shida ni utashi, mi sikubaliani, asubuhi mtu una usingizi huo utashi unautoa wapi? Bora kitu kikukute njiani.

Ila kuna siku nilihama nyumba. Wiki tatu nzima sikufanya hata mara moja, na mswaki napiga kama kawaida, nikashangaa mbona imekufa wakati nilishaizoea kabisa. Nikaja kuelewa tabia inashikana na mahali pia, bafu jipya, mlango umekaa upande mwingine, mkeka bado uko ndani ya boksi, yani kile kilichokuwa kinanikumbusha hakipo tena. Kama unasafiri au unahama jiandae kwa hilo mapema, usije ukajilaumu bure. Mi siku niliyoelewa hivyo nilifungua boksi usiku huohuo nikautandika mkeka mlangoni pa bafu jipya, asubuhi nikafanya dakika mbili.