Mbwa wangu hakuwa zuzu, alikuwa Mtaliano

Nilimpata Rocco msimu wa watalii ulipokwisha. Malindi tunajuana: kaskazi ikipita na masika yakaanza, mahoteli hupunguza watu, na mwaka ule nami nilipunguzwa. Bibi mmoja wa Kitaliano kule Casuarina, niliyekuwa nikimtunzia bustani siku zangu za mapumziko, naye akafunga nyumba akarudi kwao. Akaniachia mbwa, nusu gunia la chakula na cheti cha chanjo. Nikampeleka shambani Msabaha, maana tumbili walikuwa wananimalizia mahindi yakiwa bado mabichi.

Wiki mbili za kwanza nilijuta. "Njoo!" Ananitazama. "Keti!" Ananitazama. Nikipaza sauti anajikunyata chini ya mkorosho. Mke wangu akasema huyo ni mbwa wa makochi. Nami nikaanza kumwita zuzu.

Siku moja kijana anayeuza vinyago ufukweni alikuja kununua madafu. Akamwangalia mbwa, akasema tu, "Vieni!" Rocco huyo, mbio, mkia unapepea. "Seduto!" Akaketi kama mtoto wa chuoni. Kijana akacheka hadi akashika mnazi. "Mzee, huyu Kiswahili hajui!"

Nimefanya kazi hotelini miaka mingi, nikibeba mizigo ya watu nisioelewana nao na wala sikuwaona wajinga. Kwa mbwa halikunijia. Na kilichoniuma hasa si mbwa. Nina mwanangu darasa la sita, na neno zuzu alilisikia kabla ya Rocco, kwa sababu ya hesabu. Jioni ile nikamwita, tukamwaga korosho mkekani, nikamgawia mafungu badala ya kumpigia kelele. Sehemu zilizomshinda daftarini alizielewa kwa korosho. Nyingine tulizila.

Kwa hiyo ukipata mbwa aliyelelewa na mtu mwingine, uliza kwanza alizoea maneno gani. Kumbadilisha si kazi: taja neno jipya, kisha lile la zamani. "Njoo. Vieni." Akija, mpe kipande cha samaki. Usianze na la zamani, kwani ataitika kabla hajalisikia jipya. Baada ya siku kadhaa liache la zamani. Rocco alichukua kama mwezi.

Baba yangu hakufurahi. "Ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini," akaniambia, na sikuwa na jibu. Sisi ni Mashafii, Waislamu wa madhehebu ya Imamu Shafii: chombo alichokilamba mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Basi tukaweka mipaka. Ana sufuria yake, analala nje, na kanzu yangu imetundikwa juu asikofika. Nilidhani mpaka ungemfanya mkiwa. Wapi! Anajua pake ni wapi, nasi tunajua petu, na hakuna anayemfukuza mwenzake. Ijumaa moja baba alipomaliza kusoma Al-Kahf, sura ya Pango katika Kurani, akanyamaza kidogo, kisha akasema, kana kwamba anajisemea, "Hata wale vijana wa pangoni walikuwa na mbwa, kanyoosha miguu kizingitini." Tangu siku hiyo hunitumia mifupa, ingawa ukimuuliza atakwambia ni ya kutupa.

Jambo moja sina mzaha nalo: chanjo ya kichaa cha mbwa, kila mwaka. Na ukiumwa na mbwa yeyote, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usipake dawa za kubuni, usingoje uone kama mbwa ataugua. Dalili zikishaanza kwa binadamu, kupona ni nadra mno.

Hoteli iliniita tena kaskazi iliyofuata. Rocco nimemwacha Msabaha na mwanangu, wanaelewana kuliko mimi nao. Tumbili, kwa taarifa yenu, bado wanakula mahindi. Wameshajua saa anayolala.