Kioo kinashuka lakini hakipandi: ninunue mota?

SWALI: Kioo cha mlango wa abiria wa mbele kinashuka vizuri, kwa swichi yangu ya dereva na kwa swichi ya mlango wenyewe. Kupanda ndiko kumegoma, nibonyeze hii au ile. Ni kimya kabisa, hakuna hata mlio. Vioo vingine vitatu viko sawa. Fundi alifungua mlango, akabana tesita kwenye bodi, akagusa waya wa mota huku nikibonyeza kupandisha, na taa ya tesita ikawaka. Akasema umeme unafika, kwa hiyo mota imekufa, nitafute nyingine. Gari ni la zamani kidogo, milango yake haina mambo ya kompyuta. Ninunue?

JIBU: Usinunue kwanza. Ushahidi kwamba mota ni nzima umeutoa wewe mwenyewe: kioo kinashuka.

Mota ya kioo ina nyaya mbili tu. Chanya ikiingia kwa huu na hasi kwa ule, inazunguka kushusha. Ukizigeuza, inazunguka kupandisha. Brashi zinazoiingizia mota umeme ni zilezile, koili ni ileile. Hakuna sehemu ya kupandisha inayoweza kufa ikaiacha ya kushusha hai. Ni kweli kwamba kupandisha ni kazi nzito zaidi, na mota iliyochoka, au raba zilizokauka, huweza kukishinda kioo kwenda juu tu. Lakini hiyo ungeisikia ikivuma au ikigonga. Na kuna kipimo kisichohitaji kifaa chochote: usiku, washa taa ya ndani ya gari, kisha bonyeza. Taa ikififia kidogo, mota inavuta umeme na imekwama. Isipotikisika hata kidogo, mkondo haupiti. Kwa ukimya unaousimulia, nina hakika taa yako haitatikisika.

Sasa, taa ya fundi iliwaka kwa nini? Hapa ndipo mota nyingi nzima hutupwa. Tesita iliyobanwa kwenye bodi, yaani kwenye hasi, inajibu swali moja tu: je, chanya imefika? Ilifika. Haikuulizwa kama hasi ipo kwenye waya wa pili, na bila hasi mota haizungushwi na chochote.

Katika magari ya aina ya lako, ambayo umeme wa mota unapita ndani ya swichi zenyewe, mota haichukui hasi kwenye bodi ya mlango. Swichi zikiwa zimetulia, nyaya zote mbili za mota zimelazwa kwenye hasi. Ukibonyeza kupandisha, waya wa kupandia unaondolewa kwenye hasi na kuunganishwa na chanya, wakati waya wa kushukia unabaki palepale kwenye hasi na kuwa njia ya kurudia. Ukishusha, ni kinyume chake. Sasa jambo ambalo wengi hawalijui: swichi ya abiria haina hasi yake. Inaazima kwa dereva. Nyaya zake mbili zinavuka bawaba za mlango, zinakwenda hadi kwenye swichi ya dereva, na hasi inapatikana kule.

Tukiwa na picha hiyo, dalili zako zinajieleza. Ukishusha kwa swichi ya dereva, chanya inapita kwenye waya wa kushukia na kurudi kwa waya wa kupandia. Kioo kimeshuka, kwa hiyo nyaya zote mbili ni nzima njia nzima, pamoja na pale zinapojikunja kwenye bawaba, na hata pointi za swichi ya abiria, yaani vyuma vyake vinavyogusana, zinapitisha. Ukishusha kwa swichi ya abiria, hasi inapatikana kwa dereva kupitia waya wa kupandia. Hiyo nayo ipo. Kupandisha, kwa swichi yoyote kati ya hizo mbili, kunahitaji kitu kimoja ambacho kushusha hakukihitaji kamwe: waya wa kushukia uguse hasi ndani ya swichi ya dereva. Swichi zote mbili zimegoma kupandisha, na hiyo ndiyo sehemu pekee zinayoitegemea zote mbili ambayo kushusha hakujaithibitisha. Na kwa kuwa vioo vingine vinafanya kazi, hasi kuu ya swichi hiyo iko salama. Kilichoungua ni pointi moja ndogo ndani ya swichi yako ya dereva, kwenye kitufe cha kioo cha abiria. Kosa liko upande wa pili wa gari, si kwenye mlango uliofunguliwa.

Usiniamini kwa maneno, pima. Chomoa plagi ya mota. Safari hii bana tesita kwenye chanya ya betri badala ya bodi, na bila kubonyeza swichi yoyote gusa nyaya za upande wa gari, mmoja baada ya mwingine. Zote mbili ziwashe taa. Usiowasha ndio uliopoteza hasi, na nategemea utakuwa ule wa kushukia. Ni lazima plagi iwe imechomoka, la sivyo hasi ya waya mzima itapita ndani ya mota na kukudanganya. Mwenye mita afanye hivi: plagi ikiwa mahali pake, weka ncha moja kwenye kila waya wa mota, bonyeza kupandisha. Ukipata volti 11 au 12 na mota haizunguki, basi fundi wako alikuwa sahihi, nami nitakubali. Ukipata sifuri, huku kila waya ukipimwa na bodi unaonyesha 12, hasi haipo.

Kama kioo kimebaki chini na mvua inakuja, lisha mota moja kwa moja kutoka kwenye betri kwa nyaya mbili, ule wa chanya ukiwa na fyuzi ya ampea 20. Kikishuka, geuza nyaya. Plagi iwe imechomolewa wakati wote huo.

Kuhusu swichi: ing'oe kwenye mlango wako na uifungue juu ya kitambaa cheupe, maana ndani kuna springi na vijigololi vinavyoruka na kupotea. Pointi iliyoungua utaiona, ni nyeusi na ina vishimo. Ukiisafisha kwa msasa laini kabisa na dawa ya kusafishia pointi za umeme, itafanya kazi. Mimi hufanya hivyo nikimsaidia mtu afike anakokwenda, lakini msasa huondoa tabaka la juu la pointi na cheche huirudia upesi. Swichi ya dereva iliyo nzima ndiyo tiba. Kabla ya kulipa, hesabu pini za plagi na uhakikishe zimepangwa sawa, kwani zipo swichi zinazofanana sura na kutofautiana nyaya.

Kabla ya kufunga swichi mpya, jiulize ya zamani iliungua kwa nini. Mara nyingi ni kwa sababu kioo ni kizito kusukuma: raba za pembeni zimekauka au zimejaa vumbi, mota inavuta umeme mwingi, na pointi zinalipa. Shusha kioo, futa raba kwa kitambaa chenye maji, maji yakikauka zipulizie silikoni. Usitie oili wala grisi humo; oili huivimbisha raba na grisi hukusanya mchanga.

Msomaji mwenye dalili nyingine asichukue jibu hili kama lilivyo. Mota inalia na kioo hakiendi: waya wa chuma wa mtambo wa kuinulia umekatika, au klipu ya plastiki inayoshika kioo imevunjika. Kinafanya kazi ukiufungua mlango kiasi fulani tu: tafuta waya uliokatika ndani ya bomba la raba kwenye bawaba. Kinaamka ukigonga mlango kwa ngumi: hapo brashi za mota zimekwisha, na hiyo ndiyo mota ya kununua. Swichi ya abiria imekufa pande zote mbili lakini ya dereva inafanya kazi: tazama kwanza kitufe kilicho kwa dereva cha kuzima swichi za vioo vya abiria. Nimeshaitwa kwa ajili ya kitufe hicho zaidi ya mara moja.

Na mlango ambao fundi wako ameshaufungua, angalia kama ile karatasi ya plastiki ya ndani imerudishwa na kubandikwa chini vizuri. Isiporudi, maji yanayoteremka na kioo yataingia ndani ya gari na kulowesha zulia.